Njia za oili zilizoliwa na kutu: kusafisha, kuvisha bomba, kupitisha nje au kutafuta bloku nyingine?

Trekta ya Ferguson ya kijivu ilishushwa kutoka kwenye lori asubuhi, imetoka Njoro, tairi za mbele zikiwa chapati na kiota cha kuku chini ya kiti. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, na alikuja na mwanawe. Nilipolegeza kizibo cha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yalitangulia maji, kama kikombe kizima. Ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na mwishowe tope jeusi lililokataa kushuka hadi nikalichokoa kwa waya.

"Fundi, si tupitishe bomba nje tu tumalize?" kijana akauliza. Alikuwa ameona video.

"Wewe tulia," mzee akamwambia. "Mwache fundi afungue kwanza."

Kijana hakuwa amesema upuzi. Bomba la nje ni mojawapo ya njia nne ambazo fundi anazo akikuta njia za oili ndani ya injini ya zamani zimeliwa na kutu. Unaweza kusafisha na kuziacha zilivyo. Unaweza kuzichimba ziwe pana kisha uzivishe bomba jipya kwa ndani. Unaweza kuiruka sehemu mbovu kwa bomba la nje. Au unaweza kuachana na bloku hiyo, yaani mwili wa chuma wa injini, na kutafuta nyingine. Watu huzilinganisha kwa bei, na bei kweli inauma, lakini mimi huanza na swali jingine: nikikosea hapa, naweza kurudi nyuma? Bloku ya mwaka 1952 haitengenezwi tena. Brashi haiwezi kuiua. Drili inaweza.

Kutu hii hutoka wapi

Ferguson TE20 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano. Za mwanzo zilikuwa na injini ya Continental kutoka Marekani, kisha ikaja ya kampuni ya Standard. Injini hiyo ya Standard ina laina za maji, yaani laina (mkebe wa chuma ambamo pistoni hucheza) inaguswa moja kwa moja na maji ya kupoza, na kwa chini inazuiwa na gasketi yenye umbo la nambari nane, moja kwa kila silinda mbili. Gasketi hiyo ikichoka, au kikalio chake kwenye bloku kikiliwa, maji hushuka polepole hadi kwenye sampu. Mwenye trekta haoni kitu. Rediata inapungua kidogo, anaongeza maji, maisha yanaendelea.

Ya mzee ilikuwa TED20, ile ya kutumia mafuta ya taa. Aina hiyo ina tabu yake ya ziada: mafuta ya taa yasiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni, yakaipunguza oili uzito. Oili nyepesi, yenye maji, yenye asidi kidogo inayotokana na salfa ya mafuta, ikakaa miaka bila kuzungushwa. Hapo ndipo kutu huanza kazi. Haili njia yote sawasawa. Hula pale maji yanapotuama: upande wa chini wa njia kuu inayogawia matawi oili, na nyuma ya vizibo vya mwisho, ambako oili haipiti hata injini ikiwa nzima.

Hali ya hewa nayo ina neno. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na jioni bloku hupoa haraka, unyevu ukageuka matone ndani ya sampu. Kisumu kuna joto la ziwa na hewa nzito. Injini zinazokuja kutoka pande za ziwa huwa na kutu laini iliyosambaa kama unga. Za huku juu huwa na mashimo machache lakini ya kina. Hayo ni yale niliyoyaona kwenye meza yangu tu, usiyafanye sheria.

(Lister ya kinu cha posho, ile ya nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650, haina kesi hii. Kijiko cha konrodi kinachota oili na kuirusha kila mahali. Ndiyo maana zinakufa kwa sababu nyingine.)

Kabla hujachagua

Geji ikionyesha shinikizo dogo, usikimbilie kulaumu njia za oili. Mara nyingi mwizi ni beringi. Oili inayovuja kwenye nafasi ya beringi huongezeka kwa mchemraba wa nafasi hiyo: ikipanuka mara mbili, oili hutoka mara nane. Unaweza kuvisha bloku nzima mabomba mapya, ukarudisha beringi zilizolika, na geji isisogee hata kidogo. Angalia pia valvu ya kupunguza shinikizo. Springi iliyokatika au kipande cha uchafu chini ya gololi yake kinatosha kukudanganya wiki mbili.

Halafu ng'oa vizibo vyote. Narudia: vyote. Niliwahi kupeleka bloku kwenye karakana moja, jina naliacha, wakaichemsha, wakaipulizia rangi, ikarudi inang'aa kama bibi harusi. Vizibo vya njia kuu havikuwa vimeguswa. Nilipovitoboa, tope lilikuwa nyuma yao likinisubiri, sasa limepikwa na kuwa gumu kuliko mwanzo.

Vizibo vya kupigiliwa hutobolewa katikati, unakaza skrubu, unavuta. Baada ya hapo ni vizuri kukata nyuzi na kuweka vizibo vya kukaza, ili fundi wa miaka ishirini ijayo asikutukane. Ila pima kina. Kizibo chenye umbo la pia kikikazwa kikaingia sana kinaweza kufunika tundu la tawi linalopeleka oili kwenye beringi ya mwisho. Injini itawaka vizuri, geji itasoma vizuri sana, na beringi moja itakuwa inakaangwa.

Kupima njia, mimi hutumia pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, mpya, isiyowahi kuguswa na dawa. Naijaza dizeli, naunganisha bomba lake kwenye mlango wa njia kuu, msaidizi anapampu, na mimi naangalia kila tundu la beringi. Yote yanatakiwa kutoa mkondo unaofanana. Tundu linalodondosha badala ya kurusha limejitaja lenyewe. Kisha kamera ile ya waya ya kuunganisha na simu. Si ghali siku hizi, na inaonyesha kama kutu ni vumbi la juu au ni mashimo.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachoamua kila kitu: ukuta kati ya njia ya oili na chumba cha maji ungali mzima? Ziba chumba cha maji, tia hewa ya shinikizo dogo, pauni 30 kwa inchi ya mraba zinatosha, paka maji ya sabuni ndani ya njia ya oili kwa brashi na utazame kwa kamera. Povu likitokea, umeingia kwenye daraja jingine la ugonjwa.

Nne zikiwa bega kwa bega

| Njia | Ukikosea, unarudi? | Inataka nini | Inatibu nini |
|---|---|---|---|
| Kusafisha | Ndiyo, hujakata kitu | Brashi ndefu, kompresa, siku mbili au tatu | Tope, kutu ya juu, mashimo yasiyotoboka |
| Kuvisha bomba | Hapana | Drili ndefu yenye mwongozo, turna (fundi wa kerezo) mwenye mkono mtulivu | Ukuta uliotoboka kuelekea maji |
| Bomba la nje | Ndiyo, usipotoboa pasipo na tundu | Viungo, spana, nusu siku | Tawi moja lililoziba, hasa la roka (vikono vinavyofungua valvu) |
| Bloku nyingine | Nusu | Kazi yote ya injini kuanzia sifuri | Bloku iliyooza sehemu nyingi |

*Kusafisha* ndiko watu hukudharau, na ndiko kunakomaliza kesi nyingi. Mashimo madogo kwenye ukuta wa njia hayapunguzi oili kwa kiasi cha kuhesabika. Hatari yao ni nyingine: yanashika makapi, na makapi hutoka siku usiyoyatarajia. Kwa hiyo kazi ni ya brashi, ile ndefu ya waya kama ya kusafishia mtutu wa bunduki, ikivutwa huku na huku pamoja na dizeli, halafu maji ya moto na sabuni, halafu hewa, halafu oili papo hapo, kwa sababu chuma kilichooshwa hushika kutu kabla hujamaliza kunawa mikono.

Wengine hutumia umeme na magadi, betri ya gari, na kipande cha chuma kwenye upande chanya. Inafanya kazi vizuri kwa sehemu za nje. Ndani ya tundu refu la milimita 8 haifiki, kwa kuwa umeme huo hufuata mstari ulionyooka kutoka chuma hadi chuma. Ungelazimika kupitisha waya katikati ya tundu bila kugusa ukuta. Inawezekana, lakini ni kazi ya mtu asiye na wateja. Na kile chuma cha upande chanya kisiwe cha pua kisichoshika kutu, kwa maana hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Kostiki ya moto huyeyusha tope vizuri kwenye bloku ya chuma, lakini ikigusa aluminiamu inaila, basi toa kila kipande cha aluminiamu kabla ya kuzamisha.

Na krenki usiisahau. Nayo ina njia ndani, na vizibo vyake, na nguvu ya mzunguko imekuwa ikisukuma tope kwenye kona zake tangu kabla ya uhuru.

*Kuvisha bomba* ndiyo kazi inayovutia kusimulia, na ndiyo inayoharibika vibaya. Kosa la kwanza ni la hesabu. Fundi anachukua njia ya milimita 8, anasukuma ndani yake bomba lenye tundu la milimita 6, anasema, "Imepungua kidogo tu." Kwa oili inayosukumwa kupitia bomba refu jembamba, mtiririko hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Sita kwa nane ni robo tatu. Robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, unapata chini ya theluthi moja. Umefunga theluthi mbili za barabara kwa bomba ulilolinunua mwenyewe. Ukitaka kubaki na milimita 8, lazima uchimbe hadi 10 na uweke bomba la nje 10, ndani 8. Na kabla hujachimba ni lazima uwe na hakika kwamba kuna nyama ya milimita hiyo moja kila upande, kwa urefu wote.

Kosa la pili ni drili kupinda. Drili ndefu ikikuta shimo la kutu upande mmoja hulifuata, kama ng'ombe anayefuata nyasi. Ndiyo maana inataka mwongozo, yaani bushi iliyofungwa mdomoni mwa njia, na kuchimba kidogo kidogo ukitoa makapi. Nilizunguka Kibuye, Kisumu, nusu siku nzima nikitafuta drili ndefu inayofaa, nikarudi na moja iliyopinda. Mwishowe turna alinichomelea drili fupi kwenye ufito na kuinyoosha kwenye mashine.

Kosa la tatu lilikuwa langu, miaka ya nyuma, kwenye injini ya Land Rover. Bomba likishaingia, kila tawi lazima litobolewe upya kupitia ukuta wa bomba. Kila tundu huacha ukingo wa makali upande wa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki. Nilipuliza hewa, nikaona safi, nikafunga. Ndani ya nusu saa ya kwanza kipande kimoja kilikatika kikaenda moja kwa moja beringi ya pili. Siku hizi, baada ya kutoboa, napitisha gololi ya chuma yenye kipenyo kilichozidi tundu la bomba kwa nywele tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inalaza kingo hizo na pia inalitanua bomba lishike ukuta vizuri. Baada yake, brashi tena.

Kuhusu bomba la chuma au la shaba: chuma cha kusubu na chuma cha bomba hutanuka karibu sawa. Shaba hutanuka zaidi. Kwa njia yenye urefu wa milimita 400, injini ikipanda nyuzi 80, shaba itarefuka kuliko bloku kwa takriban milimita 0.2. Kwa hiyo acha nafasi mwishoni, lisisukume kizibo. Bloku ikiwa ya aluminiamu hali inageuka: bomba la chuma hubaki nyuma kwa karibu milimita 0.35 kwa urefu huo huo, na linaweza kulegea. Gundi ya kushikilia bushi, ile inayoganda bila hewa, inasaidia, mradi usome kwenye kichupa joto inaloweza kuvumilia.

*Bomba la nje.* Hapa nilimrudia kijana wa Njoro. Injini ya Standard iliyomo kwenye Ferguson ni ya ukoo mmoja na ile ya gari la michezo la Triumph TR2, na wenye Triumph wamebishana miaka mingi kuhusu jambo hili hili: kuvuta bomba kutoka njia kuu hadi kwenye shafti ya roka. Wanaolipenda wanasema roka hufa kwa kiu. Wanaolikataa wanasema unaiba oili ya beringi kuu na kuipeleka mahali pasipoihitaji sana. Mimi niko na kundi la pili, kwa masharti. Roka zinataka oili kidogo. Zikipata nyingi, oili hushuka kwenye gaidi za valvu na injini inavuta moshi wa bluu. Ukilazimika kupitisha nje, weka kizuizi chenye tundu la milimita 1 au moja na nusu, na hapo bomba jembamba la breki linatosha kabisa.

Bomba hilo hilo la breki usithubutu kulitumia kulisha njia kuu. La inchi tatu kwa kumi na sita lina tundu la kama milimita 3.3. Ukilipima dhidi ya njia ya milimita 8 kwa hesabu ile ya mara nne, linapitisha takriban moja ya thelathini. Nimeona limefungwa hivyo kwenye trekta iliyokuwa ikilima, na mwenyewe akishangaa kwa nini ana bahati mbaya na krenki.

Na usisahau trekta inaishi wapi. Kwenye gari la maonyesho bomba la nje hukaa salama. Kwenye shamba la mahindi lililovunwa kuna mabua, kuna waya wa ua, kuna jiwe, na kuna mtoto anayepanda injini kwa kukanyaga popote. Hosi ya haidroliki ya kubanwa kwa mashine inapatikana mji wowote, lakini nyingi za kawaida mwisho wake ni nyuzi 100, na oili ya injini inayolima mchana kutwa inaweza kupita hapo. Bomba likipasuka karibu na ekzosi, tatizo lako si shinikizo tena.

*Bloku nyingine.* Nitaipita haraka. Ukiipata nzima, chukua. Tabu ni kwamba bloku nyingine ilikuwa ikifanya kazi ile ile, kwa maji yale yale, na ikaachwa kwenye mvua ile ile, basi ukiinunua bila kuipima unanunua mbuzi kwenye gunia. Nenda na kamera yako na pampu yako. Pia namba ya injini iko kwenye logbook. Ukibadilisha injini, rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, lazima ibadilishwe, na kwa mtu anayetaka mashine yake ibaki ile ile iliyotoka kiwandani, namba hiyo ndiyo nafsi yake. Weka bloku ya zamani chini ya paa, hata kama imeoza.

Injini zenye vijibomba ndani

Kuna injini za zamani ambazo sehemu ya oili haipiti kwenye chuma cha bloku kabisa. Hubebwa na vijibomba ndani ya sampu, kutoka pampu hadi kwenye beringi. Moja ililetwa kwangu kutoka Ahero, ilikuwa ikivuta maji ya kumwagilia mpunga, sahani ya jina ilishang'olewa zamani, na kila mtu pale alikuwa na jina lake kwa ajili yake. Vijibomba viwili vilikuwa vya shaba, kimoja cha chuma. Cha chuma kilikuwa kimetoboka kwa kutu kama filimbi. Vya shaba havikuwa na kutu hata chembe, lakini kimoja kilikuwa na ufa kwenye shingo ya nati.

Shaba haiozi kwa oili. Huuliwa na mtikisiko: ikitikiswa miaka mingi hukakamaa, kisha hupasuka pale inapobanwa. Dawa yake ni moto. Ipashe hadi iwe nyekundu hafifu, iache ipoe au itumbukize majini, italainika tena kama mpya. Ukitengeneza bomba jipya la shaba, fanya hivyo baada ya kulikunja, na ulifunge kwa kibanio katikati ili lisiimbe. Chuma kina nguvu na hakichoki haraka, lakini injini ikikaa na maji, utarudi ulikotoka. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, ule wa mabomba mazuri ya breki, unachukua sifa za pande zote mbili: haushiki kutu na hauchoki haraka kama shaba tupu. Ukiupata kwa kipenyo kikubwa, chukua huo bila kufikiri. Kwa Ahero sikuupata wa milimita 10, nikaweka chuma kisichounganishwa, kile cha haidroliki, na kumwambia mwenyewe azungushe injini kila wiki hata msimu wa kiangazi.

Kuhusu kuunganisha: risasi ya kawaida ya kuchomelea waya huyeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo, na muda mrefu kabla ya hapo imeshalegea. Ndani ya injini si mahali pake. Tumia ya fedha, inayotaka nyuzi zaidi ya 600, na moto wa gesi. Na silikoni ya tyubu usiipake kwenye kiungo chochote cha oili. Kinachobanwa kwenda ndani hukatika, huelea, na huenda kuziba tundu dogo kuliko yote.

Nani achague nini

Kama pampu ya mgongoni inaonyesha matundu yote yanarusha na ukuta wa maji ni mzima, safisha na ufunge. Hata kama kamera inaonyesha ndani kubaya kama uso wa mwezi. Kama tawi moja tu, la roka, limeziba na halizibuki, na bloku yenyewe huitaki ichimbwe, bomba la nje lenye kizuizi ni halali, hasa kwa mashine isiyoingia shambani. Ukuta ukivuja maji kwenye oili na ni mahali pamoja palipo na nyama, visha bomba, na umlipe turna anayejua badala ya kumlipa aliye karibu. Ukivuja mahali pawili au patatu, acha. Utatumia pesa ya bloku kuvisha ile iliyooza, kisha ununue bloku.

Kuna hali moja ambayo nakubali kuvisha hata ukuta ukiwa mzima: bloku ya aluminiamu ambayo tangu kiwandani ilimiminwa ikiwa na bomba la chuma ndani, na bomba hilo likaoza. Hapo kusafisha hakutoshi, kwa sababu unachosafisha ndicho kinachobomoka.

Ya Njoro tuliipima siku ya pili. Matundu matatu ya beringi kuu yalirusha sawasawa. Njia ya roka haikutoa hata tone. Ukuta wa maji haukuwa na povu, ila vikalio vya gasketi za nambari nane vilikuwa vimelika, na hapo ndipo pesa nyingi zilikwenda: kusawazisha vikalio, laina, gasketi mpya. Njia ya roka niliizibua kwa kuzungusha drili kwa mkono, bila mashine, kutoka juu na kutoka chini, siku nzima na nusu. Kijana ndiye aliyekuwa akizungusha. Mara mbili aliniuliza kuhusu lile bomba la nje, mara ya tatu drili ikapenya na dizeli ikaruka hadi kwenye shati lake.

Kabla ya kuwasha tulijaza njia zote oili kwa pampu ile ile ya mgongoni, tukiichanganya na dizeli kidogo ili ipite, hadi ikatoka juu kwenye roka. Plagi zikiwa nje tukazungusha injini kwa hendeli hadi geji ikasogea, kisha tukamwaga mchanganyiko huo na kutia oili safi. Ikiwa moto, kwa mwendo wa kazi, geji ilikaa juu kidogo ya 30. Mzee akauliza kama si ndogo. Nikamwambia kwa injini ya umri huu huwa nahesabu pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000, na yetu haifiki hata mizunguko 2,000 ikilima.

Oili ya kwanza itamwagwa baada ya saa tano za kazi, na chujio litapasuliwa mezani tutazame lilichokamata. Ameahidi kuileta mwenyewe, kwa kuiendesha.